Wembe ni ule ule: shajara ya vinyoleo viwili vya mshazari

Siku ya 1

Vinyoleo viwili vimekaa mezani juu ya taulo. Kimoja kinameremeta kwa kromu kama rimu ya gari jipya, ukikigusa kinabaki na alama ya kidole. Cha pili ni cha kijivu, kimefifia, hakina haja ya kumpendeza mtu. Kwa bei ya hicho cha kijivu ningebeba vya kromu kama kumi, na chenji ikanunua nyembe za miezi kadhaa. Vyote viwili ni vya mshazari na vyote vinatumia wembe ule ule mwembamba wenye makali pande mbili. Nataka kujua hiyo tofauti ya mara kumi imekaa wapi hasa. Mkononi? Kwenye ngozi? Au kwenye boksi lake zuri lenye sponji?

Nimewapa majina nisije nikaandika "kile cha bei nafuu" kila mstari. Cha kromu ni Kibarua. Cha kijivu ni Bosi.

Kwa asiyevijua vinyoleo hivi: kinyoleo cha kawaida huushika wembe sambamba na kichwa chake, hivyo ukivuta, makali yanaukuta unywele kifua kwa kifua. Cha mshazari kimeulaza wembe kidogo, ncha moja imetangulia na nyingine inafuata, na unywele unakerezwa badala ya kupigwa. Seremala anaijua hila hii. Akikutana na ubao wenye mafundo huikingamisha randa kidogo, haisukumi mbele moja kwa moja. Gilotini ya Ufaransa, iliyoanza kazi Aprili 1792, nayo ilipewa jisu la mshazari kwa hesabu hiyo hiyo. Tuiache gilotini hapo hapo, maana keshokutwa nanyoa shingo.

Kuna koo mbili za vinyoleo hivi. Ukoo wa kwanza unauinamisha wembe tu, ukabaki umenyooka kama rula iliyowekwa upande. Wa pili unausokota: kona hii inasukumwa chini, ile inainuliwa, wembe unapata msokoto kama mkanda uliolegea. Merkur 37C na 39C kutoka Solingen, Ujerumani, ni wa ukoo huu wa pili, na ndivyo watu wengi huvitaja kwanza mazungumzo yakifika kwenye mshazari. Kibarua na Bosi wote ni wa msokoto. Nimechagua hivyo makusudi, kwa sababu koo mbili tofauti zingenipa majibu ya maumbo wakati mimi natafuta majibu ya bei.

Siku ya 2

Sheria za mradi. Wembe ni ule ule: jina moja, pakiti moja. Kila kichwa kinaanza na wembe mpya, na ukinyoa mara tatu unatupwa hata kama bado unaonekana mzima. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walionyesha katika jarida la *Science* kwamba unywele, ulio laini kuliko chuma cha wembe kwa takriban mara 50, unaweza kuyamegua makali, hasa pale unapojipinda na kuyakuta kwa pembe mahali ambapo muundo wa chuma chenyewe si sawa kote. Sitaki wembe uliomeguka upande mmoja unisingizie kichwa kizima.

Sabuni moja, brashi moja. Nanyoa siku moja, napumzika moja. Ndevu zangu ni za kipilipili, na ngozi ikisumbuliwa kila siku inanijibu kwa vipele. Nitaandika mambo matatu tu: tone za damu, shabu inavyowasha baada ya kunyoa, na kidole kinasema nini baada ya muda wa saa 12. Shabu ndiyo hakimu ninayemwamini zaidi. Jicho linaweza kuona ngozi safi kabisa, ukipitisha shabu iliyolowa ndipo unajua palipoparuzwa.

Mizani ya jikoni: Kibarua gramu 79, Bosi gramu 103.

Vyuma vyenyewe vinaeleza sehemu ya bei kabla hata povu halijapigwa. Kichwa cha Kibarua ni zamaki, jina lililotokana na herufi za Kijerumani za viungo vyake: zinki, alumini, magnesi na shaba. Kinayeyuka chini ya nyuzi 400 za Selsiasi, kwa hiyo kiwanda kinakimimina kwenye kalibu kwa mgandamizo, kinapoa, kinadondoka, kinafuata kingine. Kisha kinachovywa kromu, kwa sababu zinki ikiachwa uchi bafuni haidumu. Bosi ni chuma kisichoshika kutu, ambacho kinahitaji joto la karibu nyuzi 1,400 kuyeyuka. Mara nyingi vichwa vya namna hii havimiminwi, vinachongwa kutoka kipande kizima kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, na patasi za mashine hiyo zinaisha makali kama patasi nyingine yoyote. Unalipia muda wa mashine. Swali linalobaki ni kama uso wangu utauona huo muda.

Siku ya 3

Leo nimejiaibisha peke yangu, na kwa kuwa shajara ni shajara, naandika.

Nilimfungua Bosi, nikatia wembe, nikakaza, nikamwinua usawa wa macho. Wembe umepinda! Kona ya kushoto imechomoza, ya kulia imejificha. Nikafungua, nikasafisha kitako, lile bamba lililo chini ya wembe, nikakaza tena. Umepinda vile vile. Nikausukuma kwa kidole gumba nikikaza. Umepinda. Nilikuwa nimeshaanza kutunga barua ya malalamiko kichwani, nikifikiria kurudisha mzigo, ndipo nikamgeuza nusu duara na kuangalia upande wa pili. Kona ya kushoto imechomoza, ya kulia imejificha. Sawasawa na upande wa kwanza.

Huo ndio msokoto wenyewe. Kinyoleo cha kawaida unakikagua kwa kulinganisha kona ya kushoto na ya kulia za upande mmoja. Cha mshazari ukikikagua hivyo, kizima kitaonekana kibovu na kibovu kitaonekana kizima. Kanuni yake ni nusu duara: kona ya kushoto ya upande huu ilingane na kona ya kushoto ya upande ule, na ya kulia na ya kulia. Hakuna ulinganifu mwingine wa kutafuta.

Nikachukua filageji, zile bamba nyembamba ambazo mafundi wa pikipiki hupimia mwanya wa valvu, nikapima mwanya kati ya makali na ukingo wa ulinzi. Taratibu sana, maana bamba likigusa makali umeharibu wembe.

Bosi, upande wa kwanza: kona pana milimita 0.85, kona finyu 0.60. Upande wa pili: 0.85 na 0.60.

Kibarua, upande wa kwanza: 0.90 na 0.60. Upande wa pili: 1.10 na 0.45.

Nimeipima hiyo 1.10 mara nne nikidhani nimekosea.

Siku ya 4

Kunyoa kwa kwanza. Mwenzako akinyolewa zako tia maji, wahenga walisema, na mimi nikazitia kwa dakika tatu nzima na taulo la maji moto. Unywele wa ndevu ukikauka ni mkaidi kama waya. Ukinywa maji unavimba na kulainika, na hatua hii inafanya kazi kubwa kuliko kichwa chochote cha bei yoyote.

Nilianza na Bosi uso mzima. Namna ya kuipata pembe: weka kifuniko, kile kipande cha juu cha kichwa, kwenye shavu, mpini ukiwa umesimama mbali na uso, kisha uushushe polepole huku ukivuta kidogo, hadi usikie wembe umeanza kushika. Ni karibu nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi. Hapo unasimama. Husukumi. Uzito wa kichwa unatosha.

Sauti ndiyo iliyonishangaza. Kinyoleo changu cha zamani kikipita kwenye ndevu za siku mbili kinakwaruza kama nyayo kwenye changarawe. Bosi alikuwa karibu kimya, na nikadhani hakati. Nikapitisha kidole: pameisha. Mkono haukusikia unywele ukikatwa, ulisikia povu likiondoka tu.

Njia mbili, ya kwanza kufuata zinakolalia ndevu, ya pili kukingama. Sinyoi kinyume. Unywele wa kipilipili ukikatwa chini ya usawa wa ngozi unajikunja ukiwa bado ndani, unatoboa pembeni, na huo ndio mwanzo wa vipele vya shingoni ambavyo vimewafanya wanaume wengi wafuge ndevu wasizozitaka. Kwa sababu hiyo hiyo siivuti ngozi ninaponyoa. Anayesifia kinyoleo kwa kumwacha mtu laini kama kioo anazungumza na mtu wa nywele nyingine.

Damu: hakuna. Shabu: ubaridi tu.

Siku ya 6

Zamu ya Kibarua, uso mzima. Nilimwogopa kwa ile 1.10, lakini shavu la kushoto lilikwenda vizuri, la kulia vizuri. Shingoni tone mbili, na moja chini ya taya. Shabu imewaka shingo nzima upande wa kulia.

Nusu ya uso ilikuwa sawa kabisa na siku ya Bosi. Hilo ndilo lililonikera. Chombo kibovu kinapaswa kuwa kibovu kote.

Siku ya 8 hadi 14

Nusu kwa nusu: Bosi kulia, Kibarua kushoto. Baada ya siku mbili za kunyoa nikawabadilisha, kwa sababu mkono wangu wa kulia unafika shavu la kulia kwa urahisi na la kushoto kwa kujipinda, na nisingependa Kibarua alipe deni la bega langu.

Daftari linasema hivi kwa jumla: saa 12 baadaye, kidole hakioni tofauti. Pande zote mbili zimechipuka kwa kiwango kile kile. Kwenye damu na shabu Kibarua anapoteza, lakini si kila mara na si kila mahali. Kuna shavu alilopita kama malaika na dakika mbili baadaye akaparuza taya ile ile.

Siku ya 15

Hakuna kunyoa leo, kuna kalamu na karatasi.

Mshazari unasifiwa kwa kukereza, nikataka kujua unakereza kwa kiasi gani. Niliwapiga picha kwa juu, nikaweka kipimapembe kwenye picha. Mlalo wa makali ni kama nyuzi 5, kwa Bosi na kwa Kibarua vile vile. Makali yakilala hivyo, unywele unakutana na kabari (pembe ya makali) nyembamba zaidi kuliko ile iliyonolewa, na hesabu yake ni rahisi: tanjiti ya pembe ya kabari mara kosaini ya mlalo. Kosaini ya nyuzi 5 ni 0.996. Kabari ya nyuzi 15 inageuka kuwa ya nyuzi 14.95.

Yaani hakuna kitu. Jisu lililolala nyuzi 45 lingeifikisha kabari hiyo hiyo kwenye nyuzi 10.7, hapo kuna jambo la kuzungumza. Lakini nyuzi 5? Mtu yeyote anayekivuta kinyoleo cha kawaida bila uangalifu anafikia mlalo huo bila kujua.

Kwa hiyo ule ukimya wa siku ya 4 umetoka wapi? Nadhani jibu liko kwenye msokoto kuliko kwenye mlalo. Wembe huu una unene wa milimita 0.1. Chukua karatasi, ishike kwa ncha moja: inaning'inia. Sasa ikunje kidogo iwe kama bonde, uishike vile vile: inasimama yenyewe. Bati lililopewa umbo linakaza. Wembe uliosokotwa na kubanwa karibu na makali hauna nafasi ya kutetema unapoukuta unywele, na wembe usiotetema hauvuti, unakata. Wale watafiti wa MIT pia walikuwa wakizungumzia kujipinda, ingawa kwa unywele. Ninaunganisha mwenyewe hapa, wao hawakusema lolote kuhusu mshazari.

Kama nadhani sawasawa, basi kazi yote ya kichwa cha mshazari ni kuushika wembe. Kuushika wote, pande mbili, kwa nguvu ile ile. Na hapo namrudia Kibarua na ile filageji.

Siku ya 16

Kidokezo kidogo kwa mkono wangu mwenyewe: nimegundua nilikuwa nauzungusha mpini kidogo kila mvuto, nikiusaidia mshazari. Usiusaidie. Kichwa kimeshaulaza wembe, wewe vuta moja kwa moja, fupi fupi, sentimita mbili tatu. Ukiongeza mlalo wako juu ya wa kichwa, makali yanaanza kuteleza kwa urefu wake juu ya ngozi, na hivyo ndivyo mtu anavyochanjwa. Mtoto akililia wembe mpe, lakini mimi ni mtu mzima, ningepaswa kujua mapema.

Siku ya 18

Leo ndiyo siku yenyewe ya mradi huu.

Nimechukua rangi ya kucha nyekundu (kwa idhini ya mke wangu, baada ya maswali mengi) nikatia nukta kwenye kifuniko cha Kibarua, upande ule wa 1.10 na 0.45. Sasa ninapogeuza kichwa ninajua ni upande gani uko kazini. Zamani nilikuwa nageuza povu likijaa tu, bila kuangalia. Kila mtu hufanya hivyo.

Shavu la kushoto na shingo ya kushoto: upande usio na nukta, mwanzo hadi mwisho, nikisuuza kila mara. Kulia kote: upande wa nukta.

Kushoto: damu hakuna, shabu baridi. Sioni tofauti na Bosi. Nimeandika hivyo na sibadilishi.

Kulia: tone tatu. Shabu imewaka kuanzia sikio hadi koo. Na ule ukimya haupo. Upande wa nukta una sauti ya changarawe. Kwenye kona ya 1.10 wembe umeachwa hewani, kwenye ile ya 0.45 umezama na haukati kitu, kwa hiyo unapita mara ya pili na ya tatu pale pale, na ngozi inalipa.

Maana yake zile siku zote za "mara malaika, mara shetani" hazikuwa bahati. Ilikuwa ni upande gani niliokuwa nimeugeuzia usoni. Nimenunua kinyoleo ambacho nusu yake ni Bosi.

Siku ya 19

Nimemfungua Kibarua chini ya lenzi ya simu. Wembe unakaa juu ya kifuniko kwa pini ndogo, na tundu la wembe lina nafasi kuliko pini, hivyo unaweza kusogea kushoto kulia na hata kukaa upogo. Hilo linarekebishika: legeza mpini robo ya mzunguko, kandamiza kichwa kwenye meza juu ya taulo, kaza tena huku kikiwa kimekandamizwa. Shika ncha fupi za wembe, kamwe usishike makali. Baada ya hapo 1.10 imekuwa 1.00 na 0.45 imekuwa 0.50. Afadhali.

Kilichobaki hakirekebishiki. Kwenye kitako, kona moja, kuna uvimbe wa kromu, kama tone la rangi lililokauka mlangoni. Uchovyaji wa umeme hupenda kurundikana kwenye kona na kingo, na hapo umerundikana kwenye njia ya wembe. Kwa patasi ndogo ningeuondoa kwa dakika moja. Sikuuondoa. Chini ya kromu kuna zinki, na nikiifungua nitakuwa nimeanzisha kidonda ambacho maji ya bafuni yatakikuza.

Siku ya 21

Kubadilishana mipini. Vichwa vingi vya sasa vya vipande vitatu vina hesi ya M5, yaani ya kipenyo cha milimita 5, na hawa wawili wanaingiliana bila shida. Kichwa cha Kibarua kwenye mpini mzito wa Bosi. Kichwa cha Bosi kwenye mpini mwepesi wa Kibarua.

Ulikuwa na imani kwamba uzito ndio unaonyoa? Nilikuwa nayo. Kichwa cha Bosi kwenye mpini mwepesi kimenyoa kama kawaida yake, nilichokosa ni ule mshiko wa mkono ulioloa sabuni, maana mpini wa Kibarua una mistari isiyo na kina na unateleza. Kichwa cha Kibarua kwenye mpini wa Bosi kimebaki vile vile, upande mmoja raha na mwingine karaha, ila karaha sasa ina gramu za ziada nyuma yake.

Mpini mzuri ni starehe. Nauthamini, lakini hauko kwenye kesi hii.

Siku ya 23

Hakimu wa nje. Nimenyoa shavu moja kwa Bosi, moja kwa upande mzuri wa Kibarua, nikasuuza, nikakauka, nikamwita mke wangu bila kumwambia lipi ni lipi.

Akapapasa kushoto, akapapasa kulia, akarudia. "Yako sawa."

"Angalia vizuri, mke wangu, hii ni kazi ya sayansi."

"Yako sawa, nimekwambia. Na rangi yangu ya kucha umerudisha wapi?"

Tumerudia siku ya 25 na upande wa nukta. Safari hii hakuhitaji kupapasa. "Hili limefanya nini?" akauliza, akigusa la kulia.

Siku ya 26

Kando kidogo ya mradi. Nilikuwa nikisoma habari za King C. Gillette, Mmarekani mwenye wazo la kinyoleo chenye wembe mwembamba wa kutupwa, aliyeanza kukiuza mwaka 1903 na mwaka huo wa kwanza akauza vinyoleo 51 na nyembe 168. Hataza ikatoka mwaka 1904. Kilichowasumbua miaka kabla ya hapo hakikuwa wazo, wazo lilikuwepo. Ilikuwa kupata bati jembamba hivyo linaloweza kunolewa na kubaki na makali, na mhandisi William Nickerson ndiye aliyewatengenezea mashine. Zaidi ya miaka 120 baadaye wembe bado una umbo lile lile la msingi, na shida yangu ni ile ile ya Nickerson: bati jembamba na namna ya kulifanya likae sawa.

Siku ya 29

Nimeagiza Kibarua wa pili. Mtindo ule ule, duka lile lile, bei ile ile. Mtu hawezi kuhukumu kijiji kwa mtoto mmoja.

Filageji, upande wa kwanza: 0.85 na 0.60. Upande wa pili: 0.90 na 0.60.

Nimeketi nikimtazama kwa muda. Hana uvimbe wa kromu. Pini zake zinabana wembe vizuri. Huyu ni Bosi aliyevaa nguo za Kibarua.

Siku ya 30 hadi 34

Kibarua wa pili uso mzima, mara tatu. Damu: tone moja, siku ya kwanza, kosa langu mwenyewe kwenye koo. Shabu: baridi, baridi, baridi. Kidole: sawa na Bosi.

Kwa hiyo kalibu ni nzuri. Aliyechora kichwa hiki aliujua mshazari, na msokoto wake ni sahihi. Kinachokosekana ni mtu wa mwisho mwenye filageji anayetupa vibovu kabla ya kufungwa kwenye boksi. Kwa Bosi huyo mtu yupo, au mashine yake haiachi nafasi ya kumhitaji, nami nimemlipa mshahara. Kwa Kibarua, mtu huyo ni mimi. Ukiwa na nukta ya rangi ya kucha na dakika tano za kugeuza nusu duara kwenye mwanga, unaweza kuifanya kazi yake kabla chombo hakijagusa uso. Ukikuta pande mbili hazilingani, rudisha kikiwa bado kikavu.

Mwanzoni nilitaka kuandika hapa nani ameshinda. Sasa naona lingekuwa swali baya, maana Kibarua wa kwanza na wa pili wanatofautiana zaidi ya wa pili anavyotofautiana na Bosi.

Siku ya 37

Kibarua wa kwanza ameanguka. Si mbali, kutoka ukingo wa beseni hadi sakafuni. Siku chache nyuma Bosi alianguka pale pale, akaacha alama kwenye kigae na yeye mwenyewe hana kitu, sikuona hata haja ya kuandika.

Kibarua amekatika shingo. Kile kijiti chenye hesi kinachotoka kwenye kifuniko kimevunjika kwenye shina, safi kama chaki, na nusu yake imebaki ndani ya mpini. Huko ndiko vichwa vingi vya zamaki huishia: zamaki inavumilia kubanwa kuliko kupigwa. Nimeangalia jeraha kwa lenzi ya simu. Kromu ni ngozi nyembamba kuliko nilivyofikiri, ndani ni kijivu chenye chembe chembe kama sukari iliyoshikana. Nukta nyekundu bado ipo kwenye kifuniko.

Kipande cha hesi nimekitoa kwa koleo. Mpini ni mzima, nimeusuuza na kuukausha. Kesho utabeba kichwa cha Bosi, na Kibarua wa pili nitamtandikia mkeka wa mpira chini ya beseni.